Muuaji tunamjua tayari, mbona bado tunarudia vitabu vya upelelezi?

#1 Wa_Jericho

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Swali langu ni hili. Ukishajua nani kaua, kitabu cha upelelezi kinabaki na nini? Kwa hesabu ya kawaida hakibaki na kitu, fumbo limefumbuliwa. Lakini mimi Siri ya Sifuri mwisho wake naujua tangu nikiwa shule na bado naishika kila likizo. Na ukipita kwa wauza vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyotandazwa chini, pale mtaa wa Tom Mboya, Sherlock Holmes hakai chini siku mbili. Majalada yamechanika, kurasa zina madoa ya chai, vingine mtu mwenye roho mbaya keshaandika kwa biro ukurasa wa kwanza: "muuaji ni fulani". Na watu wananunua hivyo hivyo.

Maoni yangu: muuaji ndiye mtu asiye na maana sana humo ndani. Hadithi nzuri ya upelelezi ni kisingizio cha kumpa mtu mmoja ruhusa ya kuingia kila nyumba na kuuliza maswali ambayo sisi wengine tungefukuzwa nayo. Leo yuko sebuleni kwa tajiri, kesho jikoni kwa mpishi, kesho kutwa amesimama na bawabu langoni. Na kila mmoja anaficha kitu, ingawa wengi wao hawajaua hata kuku. Wanaficha madeni, hawara, mtoto wa nje, wosia uliochezewa. Hao ndio ninaowarudia.

Mfano. Conan Doyle ana hadithi fupi ya 1892, The Adventure of the Blue Carbuncle. Kito cha bei kali kimeibwa hotelini London, kikaja kupatikana ndani ya bata bukini aliyenunuliwa kwa ajili ya Krismasi. Holmes anataka kujua bata katoka kwa nani. Anamwendea muuzaji pale soko la Covent Garden. Jamaa keshaulizwa habari za bata hao hadi amechoka, amewaka, hasemi neno. Holmes hamtishi wala hamhongi. Ameona gazeti la mbio za farasi likichungulia mfukoni mwake, kwa hiyo anajua huyu ni mtu wa kamari. Anajifanya amewekeana dau na rafiki yake kwamba bata yule alilelewa shamba. Muuzaji anaruka juu: shamba wapi, yule ni bata wa mjini! Wanawekeana pauni moja. Hapo hapo daftari za mauzo zinaitishwa, zinafunguliwa chini ya taa, na jamaa anamsomesha Holmes mwenyewe jina na anwani alizokuwa amekataa kutaja dakika chache nyuma. Anapokea pesa yake akicheka kwamba amemla mjinga.

Kito kilikuwa wapi nimeshawaambia na hamjapoteza kitu. Utamu wote uko kwa muuza bata. Nendeni soko la nyama la Burma mkamuulize mwenye bucha ng'ombe huyu katoka wapi, muone mtakavyojibiwa. Halafu mwambieni mmeweka dau ni wa Kitengela.

Sasa nije kwa lile linalonikera. Watu huweka upelelezi rafu moja na tashtiti, yaani kejeli ya jamii, rafu nyingine, eti hii ni burudani na hii ni fasihi. Mimi naona ni ukoo mmoja. Shikeni Bleak House ya Dickens, iliyotoka kwa vipande vya kila mwezi kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853. Ndani kuna kesi ya urithi, Jarndyce na Jarndyce, imekaa mahakamani hadi waliozaliwa nayo wamezeeka nayo. Inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Siku inapokwisha, mali yote imeliwa na gharama za kesi yenyewe. Na katika kitabu hicho hicho wakili mmoja anapigwa risasi, anaingia Inspekta Bucket, mmoja wa wapelelezi wa mwanzo kabisa katika riwaya ya Kiingereza. Bucket ni mpole, mcheshi, anajua kukaa na kila mtu, na anampata aliyeua. Lakini waliokula urithi wa watu kwa miaka na mikaka hakuna anayewagusa, kwa vile hawajavunja sheria yoyote. Wao ndio sheria.

Kwa hiyo kitabu kimoja kina makosa mawili: dogo lina pingu, kubwa lina wigi na joho. Hapo ndipo ninapokaa mimi.

Karibuni. Msitaje wauaji tafadhali. Mkishindwa kujizuia, tajeni wa kitabu mlichokichukia.

#2 Kijana_wa_Pipeline

Buda umeandika kama insha ya mtihani wa KCSE lakini nimemaliza yote, heshima yako. Hiyo ya muuza bata imenibamba.

Holmes mimi nasomea kwa simu, ziko bure intaneti. Lakini Siri ya Sifuri ndio nini? Sisi tulipewa Kidagaa Kimemwozea na Mstahiki Meya, tukafanya mtihani, tukatoka. Hakuna mpelelezi aliyewahi kukanyaga darasa letu.

#3 Mwalimu_Kasuku

Kijana wangu wa Pipeline, vuta kiti.

Siri ya Sifuri ni ya Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Unguja, 1918. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika ambalo makao yake yalikuwa hapa hapa Nairobi, ikachapishwa 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mpelelezi ni Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni, na rafiki yake ni Najum, mwepesi wa kudhani na mwepesi zaidi wa kusema alichodhani.

Wengi humwita Holmes aliyehamia Unguja. Kiko ni kile kile, sikatai, na Najum anafanya kazi ya Watson, rafiki wa Holmes. Lakini tazama anakopelekwa. Mzimuni. Kisimani. Giningi, kwa wasiojua, ni mji wa wachawi katika masimulizi ya Wazanzibari. Mwandishi anachagua makusudi mahali ambapo watu wazima wanapunguza sauti wakipita, halafu anamwingiza Bwana Msa aulize mambo ya kawaida kabisa: nani alipita hapa jana, saa ngapi, alibeba nini, nani atafaidika. Hofu yote ya kijiji inageuka kuwa suala la nani ananufaika na watu wakiogopa. Ukiniambia hiyo si kejeli ya jamii, nitakuuliza kejeli ni nini.

Na kuna jambo dogo ninalolipenda. Bwana huyu kabla ya kuingia uhariri wa magazeti alifanya kazi ya ukaguzi wa afya. Kazi ya kubisha hodi kwa watu na kukagua usafi wao, apende asipende mwenye nyumba. Sishangai mpelelezi wake hana haya ya kuchungulia.

Kuhusu darasa, usinifanye nilie. Mstahiki Meya ya Timothy Arege ina mji wa Cheneo, ina meya anayewaza wageni wake huku hospitali haina dawa na wafanyakazi wanagoma. Mtoto wa Nairobi anapaswa kuisoma akiwa ameshika mbavu. Ilipokuwa ikitahiniwa, sisi tulimkabidhi mwongozo. Akaorodhesha: kejeli, ukurasa fulani, kinaya, ukurasa fulani, maudhui ya uongozi mbaya, alama nne. Akapata B+ na hajacheka hata mara moja. Mimi ninayeandika haya ndiye niliyesahihisha hizo alama nne, kwa hiyo ninajua ninachokisema.

#4 Sina_Imani

Samahani wakubwa, mimi nimekuja kuvuruga harusi.

Hadithi ya upelelezi ni bembelezo tu. Inakuahidi kitu ambacho nchi hii haijawahi kukupa: ukurasa wa mwisho. Poirot, yule mpelelezi wa Agatha Christie, anawakusanya watuhumiwa sebuleni, anawazungukia mmoja mmoja, anamnyooshea kidole mwenye hatia, watu wanaenda kulala.

Sisi tuliletewa Scotland Yard, polisi wa London, ya kweli, si ya kitabuni. Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko aliuawa Februari 1990, mwili wake ukapatikana kilima cha Got Alila karibu na Koru. Serikali ikamwita John Troon kutoka Uingereza. Akapeleleza, akahoji, akaandika ripoti. Ikaundwa tume ya uchunguzi, mashahidi wakasimama, nchi nzima ikawa inafuatilia magazetini. Novemba 1991 tume ikavunjwa haijamaliza kazi. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Kabla ya hapo kulikuwa na mbunge J.M. Kariuki, aliyeuawa Machi 1975, Ngong. Bunge likaunda kamati, kamati ikaandika ripoti, na hapo pia hakuna aliyefungwa.

Yaani sisi sebule ilifungwa kabla mpelelezi hajasafisha koo. Halafu unaniambia nikasome mzee wa Ubelgiji na masharubu yake nijisikie vizuri? Hapana asante.

#5 Binti_wa_MjiWaKale

Kaka Sina_Imani, nimekusoma na sikulaumu. Nina swali moja tu: kama shida yako ni ukurasa wa mwisho, Kusadikika umeisoma?

Shaaban Robert aliitoa 1951, zama za mkoloni, naye mwenyewe ni karani serikalini. Nchi iko angani, haina hata udongo wa kukanyaga. Karama ameletwa mahakamani kwa kosa la kufundisha watu uanasheria, na anayemkandamiza ni Waziri Majivuno. Karama hajitetei kwa kukana. Anawasimulia. Siku baada ya siku anawaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuifaa nchi, na waliporudi nayo wakatupwa gerezani. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Kesi ilianza ya Karama, ikageuka ya waliomshtaki, na wao wenyewe wameketi palepale wakisikiliza maana hadithi ni tamu na kila mtu anataka kujua kesho itakuwaje.

Huo nao ni upelelezi, ila mshtakiwa ndiye anayeufanya.

Kwetu Mombasa Bwana Msa alikuwa akisomwa barazani kwa sauti. Mzee mmoja anasoma, wengine wanamkatiza. Na nawaambia kweli, hakuna aliyekuwa akingoja muuaji. Kilichokuwa kikingojwa ni Najum amshuku mtu asiyehusika, ili watu wacheke na kusema "huyu ni fulani bin fulani kabisa", wakitaja jirani ambaye mara nyingine yupo hapo hapo kakaa.

Nikahamia South C nikakuta watu wanasoma kila mtu kivyake na kimya. Si vibaya, ila unakosa matusi.

#6 Wa_Jericho

Binti, hayo matusi umenitamanisha.

Sina_Imani, hoja yako ni nzito na siikwepi. Lakini kuna mtu aliyeiona kabla yetu akaiandikia riwaya nzima. Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, 1977. Inafunguka kama kitabu cha upelelezi hasa: mabwana wakubwa watatu, Chui, Kimeria na Mzigo, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe cha Theng'eta, wamekufa kwa moto Ilmorog. Polisi wanafuata watu wanne: Munira mwalimu, Karega wa chama cha wafanyakazi, Abdulla mwenye duka, na Wanja. Anatumwa Inspekta Godfrey, mtu anayeamini kazi yake kwa dhati.

Na Godfrey anapata jibu! Sisemi ni nani. Lakini ukifika hapo umeshapitishwa katika maisha ya hao wanne, umeona kijiji cha Ilmorog kikikauka, kikitembea kwa miguu kuja Nairobi kutafuta mbunge wake, halafu kikipata barabara, kikipata benki, kikipata mikopo, na wenyeji wakitolewa kwenye mashamba yao kwa karatasi walizotia sahihi wenyewe. Kwa hiyo inspekta anapofunga jalada anajua nani aliwasha kiberiti. Nani aliyeiua Ilmorog, hilo hakuagizwa kulitafuta. Ngũgĩ amekupa ukurasa wa mwisho unaoulilia, na ameupanga makusudi usikutoshe.

Muda mfupi baadaye akaliacha umbo hilo kabisa. Akiwa kizuizini Kamiti aliandika Caitaani Mutharaba-ini kwenye karatasi za choo. Kwa Kiswahili tunayo kama Shetani Msalabani, 1982. Humo kuna mashindano ya wezi na wanyang'anyi ndani ya pango. Kila mmoja anapanda jukwaani anaeleza alivyoiba, aliiba kwa nani, na anavyopanga kuiba zaidi, ili apewe taji. Wakaguzi wapo, hadhira ipo, makofi yapo. Mpelelezi wa nini tena? Watuhumiwa wanakiri kwa kushindana, na aliyeiba kidogo anazomewa. Mimi kila nikifika kwa yule anayewaza kuuza hewa nafunga kitabu kwanza nipumue yangu ya bure.

Na kuna Matigari, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Ilitoka kwa Gĩkũyũ 1986. Kwa jinsi Ngũgĩ mwenyewe alivyoeleza, mapema 1987 wakuu wa usalama walipata habari kwamba kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka nchini akiulizia ukweli na haki, wananchi hawazungumzi lingine. Amri ikatoka akamatwe. Polisi wakaenda kupeleleza, wakarudi na habari kwamba ni mhusika wa kitabu. Februari hiyo wakapita madukani wakakikamata kitabu chenyewe.

#7 Kijana_wa_Pipeline

Ngoja ngoja. Walimtafuta mtu wa KITABUNI? Kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, walimwandika aje? Makao: sura ya tatu?

#8 Mwalimu_Kasuku

Kijana, sasa umecheka. Alama nne hizo nakupa.

#9 Mdau_Kariakoo

Wakuu wa Nairobi, salaam kutoka Dar. Naona mnajadili upelelezi mmesahau upande wetu. Bwana Msa tunamheshimu, ni babu. Lakini Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo yake ya 1965 mmemweka wapi? Elvis Musiba na Willy Gamba wake? Ben Mtobwa na Joram Kiango wake? Hivyo vitabu vilikuwa vinapasuliwa vipande viwili ili watu wawili wasome kwa wakati mmoja. Anayesoma nusu ya pili kwanza ndiye aliyechelewa kulipa.

Bwana Msa anafikiri sana. Willy Gamba anafika.

#10 Mwalimu_Kasuku

Mdau, karibu sana jirani. Katalambulla nampokea kwa mikono miwili. Willy Gamba nampenda lakini yeye ni jasusi. Mpelelezi anakuta maiti anauliza maswali. Jasusi anauliza maswali, halafu ndipo maiti zinapatikana.

Tofauti hiyo ina uzito kwa mada hii. Gamba anapigania nchi, adui yake yuko ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo hana sababu ya kutuchunguza sisi. Bwana Msa adui yake yuko ndani ya nyumba, anakunywa kahawa na wengine.

#11 Mdau_Kariakoo

Mwalimu, hiyo nimeikubali nusu. Joram Kiango je? Ile Dar es Salaam ya Mtobwa, na wakubwa wake wenye sura mbili, si ni jamii inayosemwa hiyo? Tusiwe wepesi wa kuweka watu kwenye makabati.

#12 Mtu_wa_Kayole

Mimi nachangia moja tu. Kwa kitabu cha The Murder of Roger Ackroyd muuaji ni [SEHEMU HII IMEFUTWA NA MSIMAMIZI]

#13 Binti_wa_MjiWaKale

Mtu wa Kayole una laana gani weye!

#14 Wa_Jericho

Msimamizi asante kwa kasi hiyo.

Lakini hata angeachwa, kitabu hicho ndicho ushahidi wangu bora. Agatha Christie alikitoa 1926 na wasomaji waligawanyika, wengine wakidai wamechezewa rafu. Kisome mara ya pili ukiwa unajua. Utakuta sentensi zile zile, hakuna iliyokudanganya hata moja, na bado ulidanganywa. Unaanza kusoma polepole kuliko mara ya kwanza, unaona neno lilivyowekwa, unaona alipokuelekeza uangalie kwingine. Raha hiyo haipo kwa anayesoma mara ya kwanza, ni ya mtu aliyeshajua.

Huyo mama, kwa taarifa yenu, alifanya kazi duka la dawa la hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Sumu zake hazikutoka hewani.

#15 Binti_wa_MjiWaKale

Mimi Poirot simpendi sana, ana majivuno. Wangu ni Miss Marple. Mwanamke mzee, ameketi na kufuma sweta, hakuna anayemhofia, kwa hiyo watu wanamwaga kila kitu mbele yake. Katika The Murder at the Vicarage, 1930, kijiji kizima kinamwona mmbea tu. Nasoma nikimwona kabisa yule keateka wa ploti yetu: hajawahi kuuliza mtu swali, na anajua nani karudi saa ngapi, na nani, na kodi ya mwezi gani bado.

Na Marple hashangazwi na mtu. Akiletewa kesi ya matajiri wa London anakumbuka msichana wa kazi wa pale kijijini aliyewahi kuiba, au kijana aliyemdanganya mama yake, anasema huyu ni yule yule. Cheo hakimbabaishi. Kwa Kiingereza cha adabu kabisa anawavua nguo watu wenye nguo nzuri.

Halafu katika vitabu vile angalia wafanyakazi wa nyumbani. Polisi anamuuliza mjakazi dakika mbili anamwachia. Ni yeye aliyebeba trei, yeye aliyefungua mlango, yeye aliyesikia. Ukisoma tena kwa jicho hilo unagundua nyumba nzima ilikuwa inajulikana jikoni tangu mwanzo.

#16 Babu_wa_Makadara

Wanangu hamjambo. Mimi husoma tu, siandiki, lakini leo mmenigusa.

Mnazungumzia upelelezi na kejeli kuwa ukoo mmoja na hamjamtaja Hilary Ng'weno. Mwaka 1973 yeye na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Joe alikuwa mwananchi wa Nairobi wa kawaida, mtu wa mshahara mdogo na matumaini makubwa, anayecheka maana kulia hakusaidii. Lilikuwa na katuni, hadithi fupi, na ukitaka kujua jiji la wakati ule lilivyoongea, liko humo. Ng'weno huyo huyo mwaka 1975 akaanzisha Weekly Review, gazeti zito la siasa, na mwaka huo huo ikatoka riwaya yake ya kusisimua, The Men from Pretoria. Mtu mmoja, kalamu moja. Hakuna aliyemwambia achague rafu.

Halafu Wahome Mutahi. Safu yake ya Whispers kwenye gazeti la Jumapili, nyinyi vijana hamjui tulivyokuwa tukigombania gazeti nyumbani. Mhusika wake, Whispers, ni mume wa Thatcher (ndivyo alivyomwita mkewe), baba wa watoto wasiomwogopa, mlevi, mwoga, mjuaji. Alijicheka yeye mwenyewe ukurasa mzima, na kabla hujafika chini ukakuta amekwishaicheka serikali, kanisa na wewe. Na si kwamba aliandika kutoka mahali salama, miaka ya themanini alifungwa. Alitoka akaendelea kuchekesha. Alifariki 2003, na mimi Jumapili nilizisoma kwa mazoea tu baada ya hapo.

Nina vipande vyake nimevikata na kuvitunza kwenye bahasha. Navirudia. Vichekesho vya siasa huchakaa upesi, waziri anayesemwa keshasahaulika. Lakini pale Whispers anaporudi nyumbani usiku wa manane akipanga uongo wa kumwambia Thatcher mlangoni, na anajua kabisa Thatcher keshajua, hapo sijaona kilichochakaa.

#17 Kijana_wa_Pipeline

Babu shikamoo. Hizi vitu mtu anapata wapi? Bwana Msa nimeulizia duka mbili za katikati ya jiji wakaniuliza kama ni kitabu cha kutahiniwa.

#18 Babu_wa_Makadara

Marahaba mwanangu. Anza na maktaba ya McMillan, Banda Street, ile yenye simba wa mawe mlangoni. Iko hapo tangu 1931, na magazeti ya zamani wanayo. Ukiwa huku Eastlands kuna matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara, yote yamekarabatiwa vizuri. Halafu wale wa inama. Usiulize kwa jina la kitabu, watakuambia hakuna kabla hujamaliza. Inama uchimbe.

#19 Wa_Jericho

Naongeza: ukichimba, fungua nyuma kwanza uhakikishe kurasa za mwisho zipo. Nina Duniani Kuna Watu iliyoishia katikati ya sentensi na nilishalipa soo mbili.

#20 Sina_Imani

Nimesoma yote. Habari ya Ilmorog sikuwa naiona hivyo, nilikisoma chuoni kwa ajili ya mtihani na nilikuwa natafuta "utabaka". Bado nasimama na neno langu kuhusu Poirot na sebule yake. Huyo anairudisha nyumba ilivyokuwa: mwovu mmoja katolewa, waliobaki wanakunywa chai, na shamba la miwa lililowalipia hiyo chai halitajwi. Dickens na Ngũgĩ nakubali wako upande mwingine.

Lakini Bleak House nimeiangalia, ni tofali. Hakuna kifupi?

#21 Wa_Jericho

Kipo. Tamthilia ya Gogol, 1836, tunayo kwa Kiswahili kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mji mdogo Urusi, habari zimefika kwamba mkaguzi anakuja kutoka makao makuu akiwa amejificha jina. Viongozi wote wana uchafu, wanatetemeka. Kuna kijana hotelini ameshindwa kulipa chakula, wanaamua huyo ndiye. Wanamkopesha pesa mmoja baada ya mwingine, meya anampa na binti yake. Kijana hajasema yeye ni mkaguzi. Wao ndio waliopeleleza wakafikia uamuzi! Dalili zote walizichunguza kwa makini: halipi, haendi, anaangalia sahani za watu. Ni hadithi ya upelelezi ambayo wapelelezi wote ni wahalifu na wamemkamata asiye yeye.

Sina_Imani, hii haina sebule wala chai. Itakufaa.

#22 Mwalimu_Kasuku

Hiyo niliwahi kuwaigizisha Kidato cha Tatu, nje ya silabasi, Ijumaa jioni. Nafasi ya meya nilimpa kiranja mkuu maana sauti anayo. Katikati ya onyesho akasahau mistari yake. Nikadhani tumeisha. Yeye akasimama tu, akashika kola, akaanza kuwaahidi wenzake ukumbi mpya wa chakula, basi la shule, na maziwa kila Jumatano, akaomba kila darasa lichangie kidogo kidogo kwanza ili mradi uanze. Darasa la mwisho nyuma likaanza kutoa sarafu. Walicheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini, na hakuna aliyeniuliza kejeli iko ukurasa wa ngapi.

#23 Sina_Imani

Mwalimu, huyo kiranja siku hizi yuko wapi?

#24 Mwalimu_Kasuku

Ni MCA, mwakilishi wa wadi. Kaunti sitaji.